Shingo ya Ua

Naambiwa jina langu lilikuwa Ngwali, na kazi yangu ilikuwa mwelezaji. Mimea naikumbuka yote, jani kwa jani. Watu nimesimuliwa, tena mara nyingi, na mwanamke mmoja asiyechoka kusema, mpaka habari zao zimekuwa zangu. Kwa hiyo msomaji asinidai uso wa mtu. Akinidai jani, nitampa.

Katika nchi ile ya bondeni kitu hakipo mpaka kielezwe. Unaweza kukishika, ukakinusa, kikakuchoma mkono, lakini kama hakimo katika Kitabu, karani atakwambia bila kucheka kwamba hujachomwa. Mimi nilikaa katika Nyumba ya Maelezo, chumba cha mwisho, upande usio na dirisha. Niliketi pale miaka thelathini na zaidi, naletewa mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, naitazama kwa kioo cha kukuzia, kisha naandika: shina lina manyoya laini, jani limegawanyika mara tatu, mbegu ni nyeusi na zinang'aa. Nikishaandika, mmea unaanza kuwapo. Chini ya maelezo linawekwa jina langu, na nisiseme uongo, nililipenda jina lile likikaa pale.

Sasa nieleze kosa, maana safari yote ilianzia hapo. Zamani, nilipokuwa bado na nywele, uliletwa mezani kwangu mmea kutoka Jabali la Matone. Karatasi ilikuwa kubwa, mzizi umewekwa chini na ua juu, kama desturi ya Nyumba. Ua lilikuwa na petali tano, na kila petali ilivutika kwa nyuma ikawa kipembe kirefu, chembamba, kilichopinda kwenye ncha, na ndani ya ncha hiyo ndimo unamokaa mbochi, ule utamu ambao ua huwawekea wageni wake. Sepali nazo, vile vijani vinavyolifunika ua kabla halijachanua, zilikuwa tano, zambarau iliyofifia kama petali zenyewe, hata usijue upesi ipi ni ipi. Nilikwisha kuona ua la kufanana na hilo. Lipo la bondeni, linapandwa mbele ya nyumba za wakubwa, vipembe vyake vifupi, nalo hutazama juu mchana kutwa kama mtu anayengoja kuitwa jina. Na hili la kwenye karatasi lilitazama juu vilevile. Nikaandika kwamba hili si aina ya peke yake. Ni namna tu ya lile la bondeni, lenye vipembe vilivyorefuka kidogo. Nikatia jina langu, nikaenda kula. Kuna jambo jingine niliona siku ile. Nitalisema nikipata moyo.

Maneno hayo mawili, aina na namna, ndiyo yaliyokuwa na nguvu kupita bunduki. Sheria ya bondeni ilisema aina isikomeshwe, kwa sababu ikitoweka hairudi. Lakini namna ni mtoto mmoja katika nyumba yenye watoto wengi. Akiondoka, ndugu zake wapo, na mama hakosi wa kumtuma dukani. Mimi nilidhani naandika habari za maua. Sikujua kwamba karani mwingine, chumba cha jirani, alikuwa akinakili maneno yangu katika ukurasa wa watu, kwa kuwa bondeni watu huhesabiwa kwa mimea ya kwao, akaandika kwamba wakazi wa Jabali la Matone nao ni namna tu ya watu wa bondeni. Maisha yao yote yalikaa ndani ya neno hilo nililoliandika kabla ya chakula.

Basi ikafika siku Mkuu wa Nyumba, ambaye sisi tulimjua kwa sauti inayotoka nyuma ya pazia, alitaka maji. Maji yanayochuruzika usoni mwa Jabali yangekusanywa kwa bomba yashushwe kwenye bustani za bondeni, jabali libaki kavu, na wakazi wake wahamishiwe kwa ndugu zao. Sheria ilidai kitu kimoja tu: mwelezaji wa kwanza asimame mbele ya jabali, karatasi ya ua mkononi, athibitishe kwa sahihi kwamba alichokiandika ndicho kilichopo. Nikaitwa. Sauti ya nyuma ya pazia ilikuwa ya upole mno, ikaniuliza afya yangu, ikanitakia safari njema.

Upo upande wa pili wa sheria hiyo, na lazima niuseme sasa. Mwelezaji akifuta maelezo yake, naye hufutwa. Jina lake hukatwa kwa wino mwekundu kila lilipo, na vyote alivyoviandika, ila masahihisho yaliyopigwa muhuri, vinaanguka naye, vinarudi kutokuwapo. Watu hupita karibu naye bila kumsalimu, si kwa chuki, hawamwoni. Na yeye mwenyewe husahau watu aliokuwa nao, na jina lake pia, kwa kuwa kumbukumbu ya watu wa bondeni imo Kitabuni, haimo vichwani. Hilo lingevumilika. Mtu mzee amezoea kutosalimiwa. Lakini katika maelezo yangu kulikuwamo ua dogo la kinamasi, la manjano, lenye harufu ya mchele mpya, ambalo nilikuwa nimelipa jina la Kidawa. Kidawa alikuwa mke wangu. Alifariki mwaka nilioliandika ua hilo, na kwa sheria ya bondeni marehemu asiyepewa ukurasa hufutika katika vichwa vya waliomzika baada ya siku arobaini. Nilimficha ndani ya ua. Kila jioni nilifungua ukurasa ule nikasoma, na uso wake ulikuja.

Tulipanda asubuhi, mimi na karani mmoja aitwaye Mbwana, mtu mwema, mwenye kikohozi, aliyebeba wino mweusi, wino mwekundu na muhuri. Saa yangu ilisema saa mbili. Tulipoingia kwenye ukungu wa kwanza ikasema saa moja. Nilidhani imeharibika, nikamwomba Mbwana atazame yake, naye akatazama, akaitikisa, akairudisha mfukoni. Tuliendelea. Magoti yangu, yaliyokuwa yakiuma toka mlangoni, yaliacha kuuma. Nikapitisha mkono kichwani nikakuta nywele. Sikufurahi. Mzee anayerudishiwa nywele ghafla ajue kuna deni la ujana linamngoja mahali, na mimi nilijua langu ni lipi.

Jabali la Matone haliko kama linavyosemwa. Nilitazamia ukuta wa kutisha, kumbe ni uso mkubwa wa jiwe la chokaa, umepasuka nyufa ndefu, na katika kila ufa maji yanatoka kidogokidogo, hayana haraka. Jua haligusi pale ila asubuhi, kwa muda wa mtu kunywa chai. Baada ya hapo ni kivuli na baridi na harufu ya mawe mabichi. Kuvumwani imefunika kila kitu, kijani juu ya kijani, na ukiweka kiganja juu yake kinazama. Mmea wa jua ungekufa pale kwa wiki moja. Na mmea wa pale ungekufa kwenye jua kwa siku moja. Haya nayasema kwa sababu makaratasi ya kuhamisha watu yalikuwa na neno "kuzoea", limeandikwa mara tatu katika mstari mmoja.

Mwanamke alikuwa juu ya ngazi ya kamba, amejifunga kanga kiunoni, anachokoa uchafu katika ufa kwa kijiti ili maji yapite. Hiyo ndiyo kazi ya watu wa pale: kuzibua nyufa, kila mtu na ufa wake, toka utoto. Aliteremka. Umri wake sikuweza kuusoma. Akigeuka kushoto alikuwa binti, akigeuka kulia alikuwa bibi wa watu. Akanitazama mimi, akaacha kumtazama Mbwana kabisa.

"Umechelewa," akasema. "Ulisema kesho utamrudisha."

Nilimwambia kwa adabu kwamba amenifananisha. Mimi sijawahi kufika hapa. Kazi yangu ni ya mezani, na waliokuja kuchuma ua walikuwa watu wengine, wachumaji. Akacheka. Akasema jina lake ni Mize, na kwamba juzi, juzi hii, alikuja mtu mwenye uso huu na sauti hii ya kuomba radhi kabla ya kukosea, akataka kuazima ua moja, akaapa kulirudisha. Yeye alikataa. Mtu yule akasema ni kwa ajili ya kuliandika ili lipate kuwapo. Mize alimwuliza, je, sasa hivi halipo? Yule mtu akang'oa.

Sikubishana naye tena, kwa kuwa nilikuwa nimeuona ufa. Upo usawa wa kifua changu, na mahali ambapo mzizi ulitolewa pamebaki shimo lenye alama za vidole katika kuvumwani, vidole vitano, kana kwamba vimetoka sasa hivi. Nikaweka vyangu. Viliingia. Labda nilikuja, na chumba kisicho na dirisha kikanisahaulisha. Labda sikuja, ila aliyetia jina chini ya karatasi ndiye aliyeng'oa, hata kama alikuwa ameketi. Mbwana alikohoa akatazama kando, nami niliondoa mkono polepole.

Mize akasema kabla ya mengine yote kuna haki ya jabali. Mgeni akifika huacha hapo jina moja la marehemu wake. Halitaki maandishi, analitamka tu, na mwenye ufa analishika, analisema kila asubuhi akizibua maji, pamoja na majina mengine aliyoachiwa. Nilimwuliza anayo mangapi. Akasema hajui, yeye huyasema tu mpaka yaishe. Nilisitasita. Nilikuwa sijawahi kulitoa jina lile nje ya ukurasa, na niliona wivu, ndiyo, wivu wa mzee mzima, kumpa mwanamke nisiyemjua.

"Kidawa," nikasema. "Alikuwa mke wangu. Alikuwa akicheka kabla hajamaliza kisa, kwa hiyo visa vyake sikuvijua mwisho."

Mize akalirudia mara moja, akaitikia kwa kichwa, akalichukua kama mtu anavyopokea kikombe. Kisha akaniongoza kwenye maua.

Nitaeleza sasa kama nilivyopaswa kueleza siku ya kwanza. Mzizi ni mnene, unaingia ndani ya ufa kwa urefu wa mkono, unakwenda kutafuta maji yalipo bado kwenye giza. Majani yanatoka chini, kila jani limegawanyika vijani vitatu, na kila kijani kimegawanyika tena, kingo zake za mviringo. Juu yana rangi ya kijani, chini yana weupe wa majivu, na tone likianguka juu yake haliloweshi, linajikunja likawa shanga likabingirika. Shina ni jembamba, lina manyoya ambayo hayaonekani mpaka ukungu uyakamate. Na ua. Ua halitazami juu. Karibu na ncha, kikonyo kinajipinda kama shingo ya mtu anayesikiliza mtoto, uso wote wa ua unatazama chini, na vile vipembe vitano vinasimama juu, vimeelekea kwenye jiwe. Mvua inapiga mgongo wake. Mbochi hauingii maji. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, huja akaning'inia chini ya ua, akainua mdomo kunywa, na unga wa chavua unamwagika kwenye paji la uso wake, akaondoka nao kwenda ufa mwingine. Ua linalotazama juu mahali pale lingejaa maji kabla ya saa sita, na kabla ya siku ya tatu lingeoza.

Mize akanionyesha na yaliyokwisha kupukutika. Pale petali zilipodondoka, kikonyo kilekile kilichoinama kilikuwa kimenyooka, kimesimama wima, na juu yake vifuko vitano vya mbegu vimeshikana, midomo juu, vinangoja upepo. Alisema ua lao huinama likiwa na utamu na husimama likiwa na mbegu. Alisema hivyo kama mtu anavyosema chumvi iko kwenye kopo lile.

Mbwana akafungua mkoba, akatoa karatasi. Sheria ilitaka ua la zamani na la sasa yalinganishwe. Mize akasogea, akafuta mikono yake kwenye kanga, akainama juu ya ua lake lililong'olewa juzi. Alipouliza hakuwa na hasira, na ningeona heri angekuwa nayo.

"Mbona mmemvunja shingo?"

Basi niseme lile nililoahidi. Niliona. Siku ile mezani, kwa kioo cha kukuzia, niliona kunjo kwenye kikonyo, chini tu ya ua. Kunjo la kijani kilichogeuka cheusi. Wabandikaji wa Nyumba ya Maelezo wana desturi yao: ua lolote linalofika limeinama wanalilainisha kwa nguo nyevu, wanalinyoosha kwa sindano, wanaligeuza uso juu, kwa sababu Mkuu anapofungua Kitabu hapendi kuona kisogo. Hii haikuwa siri. Sote tulijua. Niliona kunjo na nikajua kinachofanya kunjo. Nikaliweka kidole juu. Nje mtu aliniita chakula kinapoa. Nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo: limeumia njiani. Njiani! Njia gani? Njia ilikuwa hatua sita, toka meza ya mbandikaji hadi meza yangu.

Na nyuki. Sikumtaja nyuki. Kuna nyuki mweusi, mfupi wa ulimi, asiyeweza kuufikia mbochi kwa mlango. Huyo hutua mgongoni mwa ua, hutoboa ncha ya kipembe kwa meno, hunywa, huondoka. Hagusi chavua, hapeleki salamu kokote. Ua hubaki zuri vilevile, na tundu lake halionekani na mtu aliye mbali. Nilimtazama mmoja akifanya kazi hiyo nikiwa nimesimama na karatasi yangu. Nikamwacha anywe, kwa kuwa sikuwa na uso wa kumfukuza.

Mbwana akaanza kusema kwamba mvua inakuja. Akanisihi nitie sahihi tushuke. Akasema wakazi watapewa nyumba nzuri, na kwamba mabomba yamekwisha letwa na hayatarudi yalikotoka kwa ajili ya shingo ya ua. Alinipa kalamu. Mkono wangu ulikuwa wa kijana, bila mishipa, na nilijua kwamba mkono huu ndio ulioandika mara ya kwanza, na kwamba sasa ni siku ileile, chakula kinapoa, na ninaulizwa tena.

Nilifikiri juu ya Kidawa. Sikufikiri juu ya haki. Wanaofikiri juu ya haki wakati kama huo labda hawana cha kupoteza. Nilifikiri jioni ya leo nitafungua Kitabu na hakuna atakayekuja. Nilifikiri nitakaa kitandani upande mmoja, upande wa ukutani, bila kujua kwa nini siendi katikati. Nilitaka kutia sahihi. Nilitaka sana, na nilimchukia Mize kwa kuwa alikuwa amerudi juu ya ngazi yake anazibua ufa, hanitazami, hanisihi, kana kwamba jambo hili ni langu peke yangu. Angenisihi ningekataa, nikapata wa kumlaumu.

Nikaandika: "Linainama. Lilinyooshwa na sisi, nami nililiona kunjo nikanyamaza. Ni aina ya peke yake. Haipo kwingine."

Mbwana alisoma. Alikaa juu ya jiwe. Alikuwa amenijua miaka mingi na harusi yangu aliila, hivyo ndivyo Mize anavyosema alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mzee Ngwali, masahihisho bila jina hayana nguvu. Na ukiliweka jina itanibidi nilikate. Bi Kidawa naye atakwenda."

"Najua."

"Basi niambie unajua, tena."

Nikamwambia tena. Nikatia jina. Akapiga muhuri juu ya masahihisho, na kwa muhuri huo jabali likawa halikaushiki, na wakazi wake wakawa watu wa peke yao. Kisha akafungua wino mwekundu. Mstari alioukata ulikwenda upande, lakini ulikuwa mstari. Aliponyanyua uso alitazama mahali niliposimama, akatazama huku na huku kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, akakunja karatasi zake, akamuaga Mize, akashuka peke yake akikohoa ndani ya ukungu.

Mimi nilibaki. Mvua ilianza, ikawa inapiga migongo ya maua. Nilikuwa mwepesi, na wepesi ule haukunipendeza. Ulikuwa wepesi wa mtu aliyetua mzigo njiani na sasa anafika nyumbani mikono mitupu, anaulizwa alichotumwa. Maua niliyajua yote mbele yangu. Nilitafuta kitu kingine kichwani, sijui nini, nikapita chumba baada ya chumba na vyote vilikuwa vimefagiliwa.

Mize alikuwa kwenye ufa wake. Maji yalikuwa mengi sasa, naye alichokoa kwa kijiti huku akisema majina, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayehesabu vifaranga. Majina ya watu nisiowajua, wanaume kwa wanawake. Nilisikiliza kwa sababu hapakuwa na kingine cha kusikiliza. Halafu akasema moja, jipya kinywani mwake, akalisema polepole kidogo ili asikosee. Machozi yakanitoka. Nilishangaa, nikayafuta, yakaja tena.

"Hilo la mwisho," nikamwambia, "ni jina zuri. La nani?"